Kabla ya kubadilisha dawa, badilisha bomba la moshi

Mwaka juzi, katikati ya baridi ya Julai, wanangu wawili walianza kulalamika kichwa kila asubuhi tukienda shule kutoka Kimandolu. Mdogo alikuwa na kichefuchefu pia, na mara mbili alitapika tukiwa bado kwenye foleni ya barabara ya Moshi. Niliwapima malaria, hawakuwa nayo. Nikapima mkojo, ukawa safi. Nikawapa paracetamol na kuwahimiza wanywe chai kabla ya kutoka. Mimi ni daktari, na kwa karibu wiki tatu nilikuwa natibu kitu nisichokijua.

Aliyegundua tatizo ni fundi magari. Nilimpelekea gari kwa sababu lilikuwa linanguruma kuliko kawaida. Akalala chini yake kidogo, akatoka akijifuta mikono. "Mama, bomba limepasuka kwenye maungio, hapa chini ya kiti. Moshi unapanda humu ndani." Tulibadilisha bomba, na maumivu ya kichwa yakaisha bila kidonge. Ndipo nilipokumbuka kwamba Jumamosi na Jumapili watoto walikuwa wazima kabisa. Hilo ndilo swali ambalo sikuwauliza.

Ndani ya moshi wa gari kuna kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Msiichanganye na hewa ya ukaa tunayoitoa tunapopumua. Ndiyo hiyohiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na inatoka pia kwenye jenereta. Ikiingia kwenye damu, hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haifikishi oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo.

Watoto hupumua haraka kuliko sisi, hivyo huathirika mapema. Mjamzito naye ni wa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mtoto aliye tumboni anaweza kuumia hata kama mama anajisikia nafuu. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo au upungufu wa damu wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Dalili zake ndizo zinazotupoteza: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na sumu ikizidi, kuchanganyikiwa na kuzimia. Dalili kama hizo mgonjwa wetu ataambiwa ni malaria, taifodi au UTI. Kwa hiyo angalieni mambo matatu. Je, hakuna homa? Je, mnaumwa zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja? Je, mnapata nafuu mkishuka garini au mkitoka nje? Kama majibu ni ndiyo, mweleze daktari wako habari za gari. Huenda hatauliza, kama ambavyo mimi sikuuliza.

Kwa nini nawalenga wazazi? Kwa sababu watoto wengi wa Arusha hupelekwa shule kwa Noah na Hiace zilizotumika miaka mingi. Kwenye Hiace, na kwenye Noah za zamani, injini iko chini ya viti vya mbele. Bomba likivuja karibu na injini, moshi unatokea chini ya abiria. Ndugu zetu wa pwani wenye boti zenye injini ndani wana shida hiyohiyo, tena kwao maji ya chumvi hula bomba haraka zaidi. Sisi huku tuna baridi, vioo vinafungwa, na safari ni fupi. Safari fupi haziliachi bomba lipate moto wa kukausha maji yanayobaki ndani yake, na kutu huanza kulila kutoka ndani. Kwa nje unaweza kuliona zima.

Ishara za kuangalia ni mngurumo mpya, mlio wa kufoka injini inapowashwa ikiwa baridi, masizi meusi kwenye maungio, au harufu ya moshi ndani ya gari. Lakini kukosa harufu si uthibitisho wa usalama. Mwambie fundi alikague bomba lote, tangu linapoungana na injini hadi mwisho, gari likiwa mahali pa wazi na si ndani ya gereji iliyofungwa. Na mwisho wa bomba utokeze nje ya bodi, usikatwe ukaishia chini ya sakafu.

Najua kuchomelea ni nafuu kuliko kununua bomba. Ufa mmoja kwenye bomba ambalo bado ni nene unaweza kuchomelewa vizuri. Lakini bomba lililoliwa na kutu likichomelewa leo hutoboka pembeni ya kiraka baada ya muda mfupi. Hapo badilisha kipande chote pamoja na gasketi yake. Ukipiga hesabu, weka na gharama za vipimo na dawa ambazo mtoto hakuzihitaji.

Ombi langu kwa wamiliki wa shule na kwa askari wa usalama barabarani ni hili: mnapokagua magari ya wanafunzi, bomba la moshi lipewe uzito uleule wa breki na matairi. Nanyi wazazi, kwenye kikao kijacho cha shule, ulizeni lini gari linalobeba watoto wenu lilikaguliwa chini. Halihitaji mtaalamu kutoka mbali. Linahitaji fundi mwaminifu na tochi.

Mtu akizidiwa ndani ya gari, zima injini, fungua milango, mtoe kwenye hewa safi na umwahishe hospitali hata kama ameanza kupata nafuu. Msimpe maziwa, hayaondoi sumu hii. Tiba yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi tano sumu kwenye damu kupungua kufikia nusu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu au pungufu. Mkifika, semeni wazi kwamba mnashuku moshi, kwa sababu kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa ana hali mbaya.

Na kama mwanao anaamka mzima, anashuka kwenye gari la shule akiumwa kichwa, na jioni yuko sawa, usimwongezee dawa kabla gari hilo halijakaguliwa.