Mwalimu Mgeni, Viza na Tuisheni ya Kichochoroni

Miongoni mwa vijana wetu wanaohitimu vyuo vikuu, na hata miongoni mwa walimu waliochoka kusubiri kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), imeenea imani kwamba anayekijua Kiingereza ana mtaji unaouzika popote duniani. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Soko la Kiingereza ng'ambo lipo, tena ni pana. Ila mlango wake una bawabu, na bawabu huyo ni viza.

Leo ningependa tuiangalie nchi moja ambayo mara kwa mara hutajwa na wanaotafuta kazi hiyo, yaani Korea Kusini. Nimeichagua kwa sababu sheria zake kuhusu ufundishaji wa faraghani zinatufunza jambo ambalo mwalimu na mwanafunzi wa Kenya wanapaswa kulielewa: kwamba kujua kazi ni jambo moja, na kuruhusiwa kuifanya ni jambo jingine kabisa.

Mgeni anayekwenda Korea kufundisha lugha hupewa viza iitwayo E-2. Kwa upande wa Kiingereza, viza hiyo kwa kawaida hutolewa kwa raia wa mataifa saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sharti awe na shahada na cheti cha polisi kinachothibitisha hana rekodi ya uhalifu. Kisha viza yenyewe hufungamanishwa na mwajiri aliyemwalika. Akitaka kuongeza mahali pengine pa kazi, au kuhamia kwingine, hana budi kupitia Idara ya Uhamiaji, na aghalabu huhitaji idhini ya mwajiri wake.

Mwalimu wa namna hii haruhusiwi kufundisha nyumbani kwa mtu kwa malipo. Hata likiwa somo la saa moja kwa juma, kwa mtoto wa jirani, mezani pa chakula, huko ni kufanya kazi nje ya mipaka ya viza. Akipatikana, anaweza kutozwa faini, kushtakiwa, au kufukuzwa nchini. Wakati huohuo, mgeni mwingine anayeishi mtaa huohuo kwa viza ya ndoa na Mkorea, au mwenye ukaazi wa kudumu, anaweza kujisajili katika ofisi ya elimu ya eneo lake na kufundisha nyumbani bila kuvunja sheria. Kinachowatenganisha wawili hawa si elimu wala tajriba, bali ni herufi na tarakimu zilizoandikwa kwenye vitambulisho vyao.

Ili tuwe waadilifu, ni lazima tuulize sababu. Wakorea hawakuamka asubuhi moja wakaamua kuwasumbua wageni. Tuisheni kwao ni donda la miaka mingi. Mwezi wa Julai 1980, wakati Jenerali Chun Doo-hwan alipokuwa akishika hatamu za utawala, serikali ilipiga marufuku tuisheni takriban yote, kwa hoja kwamba watoto wa matajiri walikuwa wakinunua nafasi za chuo kikuu. Shabaha ilikuwa njema. Lakini tuisheni haikufa. Ilijificha, na kwa kuwa ilijificha, bei yake ikapanda. Waliokuwa na mali waliendelea kulipa, na waliokuwa hawana wakakosa hata mwalimu wa bei nafuu. Tarehe 27 Aprili 2000, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba marufuku ya jumla namna ile ilikiuka katiba. Ndipo serikali ikageukia njia ya kuwataka walimu wa nyumbani wajisajili.

Tangu hapo biashara hiyo imestawi. Mwaka 2024, kwa mujibu wa takwimu za serikali yenyewe, wazazi wa Korea walitumia takriban won trilioni 29 kwa masomo ya ziada ya wanafunzi wa msingi na sekondari, na wanafunzi wanane katika kila kumi walikuwa wakihudhuria masomo hayo. Vyuo vya binafsi vya masomo ya ziada, ambavyo wao huviita hagwon, vimetapakaa kila mtaa. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba iliunga mkono amri ya jiji la Seoul iliyotaka vyuo hivyo vifungwe saa nne za usiku, kusudi watoto wapate kulala. Nchi inayolazimika kutumia sheria ili mwanafunzi alale haiwezi kulaumiwa kwa kuichunga tuisheni.

Zipo hoja tatu zinazotolewa kutetea marufuku dhidi ya mwalimu mgeni, na kila mwalimu wa Kenya atazitambua. Kwanza, anayefundisha usiku kwa fedha huingia darasani asubuhi akiwa hoi. Tena huenda akaficha darasani kile anachokusudia kukiuza nyumbani. Pili, nyumbani kwa mtu hakuna mkaguzi, na mtoto anaweza kuachwa mikononi mwa mtu asiyechunguzwa. Tatu, mgeni aliitwa kwa kazi maalumu, na si haki ajipenyeze katika riziki ya wenyeji.

Hoja hizi ni nzito, nami sizipuuzi. Hata hivyo, tukizipima vizuri tutaona kwamba hazitoshi kuhalalisha utaratibu uliopo. Chukueni ile ya kwanza. Sheria ya Korea inawakataza walimu wote wa shule, wakiwemo Wakorea, kufundisha tuisheni. Basi mgeni aliyeajiriwa katika shule ya serikali akikatazwa pia, hana la kulalamikia, kwani amewekwa katika mizani moja na wenzake. Lakini mgeni aliyeajiriwa na hagwon yumo katika hali tofauti. Mwenzake Mkorea wanayefundisha naye chumba kwa chumba anaweza kujisajili na kufundisha nyumbani baada ya kazi. Mgeni hawezi hata akiwa tayari kujisajili, kukaguliwa na kulipa kodi. Hapo hoja ya uchovu wa mwalimu imeshakufa, kwa maana uchovu hauulizi pasipoti.

Hoja ya pili nayo inajijibu. Mwalimu mwenye E-2 ndiye aliyechunguzwa kuliko wengi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2007 alitakiwa kuonyesha cheti cha polisi na kupimwa afya, hata virusi vya UKIMWI na dawa za kulevya. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi wa rangi iliamua kwamba kumlazimisha mwalimu kutoka New Zealand kupimwa virusi hivyo, ilhali wenzake Wakorea hawakulazimishwa, kulikuwa ni ubaguzi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2017. Cheti cha polisi kingali kinahitajika, na ni haki kihitajike. Ikiwa basi mtu huyu ameaminiwa kukaa na watoto thelathini mchana, ni vigumu kueleza kwa nini asiaminiwe na mmoja jioni, mradi mamlaka ijue yuko wapi.

Inabaki ile ya tatu, ya riziki ya wenyeji. Hii ndiyo yenye uzito halisi, na kila taifa lina haki ya kuisimamia. Lakini tuseme ukweli kwamba anayenufaika zaidi na utaratibu huu si mwalimu Mkorea. Ni mwenye hagwon. Mwalimu ambaye hawezi kupata senti nje ya chuo chake, na ambaye viza yake inategemea chuo hichohicho, hana nguvu ya kujadiliana. Mshahara ukicheleweshwa, atanyamaza. Akiongezewa vipindi bila malipo, atanyamaza.

Na yule anayethubutu kufundisha kwa siri hujiweka mahali pabaya zaidi. Mzazi akikataa kumlipa, hawezi kwenda mahakamani, kwa sababu kushtaki ni kukiri kosa. Mzazi naye akidhulumiwa hana pa kulalamika. Serikali inakosa kodi. Marufuku ya mwaka 1980 iliwafunza Wakorea kwamba kitu kinachotakiwa na umma hakimalizwi kwa kukatazwa. Ajabu ni kwamba somo hilo lilikubaliwa kwa raia, likasahauliwa kwa wageni.

Japani, jirani yao, imejaribu njia ya kati. Huko mgeni anayetaka kufanya kazi nje ya ile aliyopewa kibali anaweza kuomba ruhusa maalumu, na mamlaka hulipima ombi lake. Si njia rahisi, lakini ni njia. Tofauti kati ya mlango uliofungwa na mlango wenye kubisha ni kubwa sana kwa mtu aliye ugenini.

Sasa tujiangalie wenyewe, tusije tukawa kama nyani asiyeona kundule. Kenya nayo humpa mgeni kibali cha kazi kinachomfunga kwa mwajiri mahsusi. Na kuhusu tuisheni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizoni, ikaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kila msomaji wa safu hii anajua kama masomo hayo yamekoma katika kijiji chake au yamebadilishwa jina tu. Tatizo letu na la Wakorea ni tawi la mti mmoja: mtihani mmoja unapoamua maisha ya mtoto, mzazi atatafuta mwalimu wa pembeni hata kama sheria itamtishia.

Kwa wale wanaotamani kwenda kufundisha ng'ambo, nina maneno machache. Wanaijeria, Waganda na sisi Wakenya, ambao tumesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, hatumo katika ile orodha ya mataifa saba. Afrika Kusini ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyomo. Hilo ni dharau kwa elimu yetu, na serikali yetu ina wajibu wa kulizungumzia katika mikataba yake na nchi hizo. Lakini hadi litakapobadilika, wakala yeyote anayemwambia kijana wa Kenya kwamba atampeleka Korea kwa viza nyingine kisha "atafundisha tu kidogo kidogo majumbani" anamuuzia kesi. Soma viza yako kabla ya kusoma mkataba. Uliza imekufunga kwa nani, inakuruhusu kufanya nini, na utafanya nini mwajiri akikuacha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini aangalie kwanza mvunguni mna nini.

Msimamo wangu ni huu. Nchi ina haki ya kuamua ni nani aingie na afundishe nini. Ikishamwingiza mtu na kumkabidhi watoto wake, haifai kumwekea sheria moja na jirani yake wa kazi sheria nyingine. Imsajili, imkague, imtoze kodi, imkataze kuwauzia tuisheni wanafunzi wake mwenyewe wa darasani, na ikikataa, ikatae kwa sababu inayowahusu wote. Sheria ya namna hiyo ingemlinda mtoto, ambaye ndiye aliyetungiwa sheria hizi zote, na ingempa mwalimu fursa ya kudai mshahara wake bila kuogopa kurudishwa kwao.