WAZAZI, SAFARI HIYO NI YA NANI?



Kila likizo ndefu ya shule za Marekani inapokaribia, simu za ndugu zetu walioko kule huleta habari moja: "Mwaka huu tunawapeleka watoto Florida." Wengi wao walitoka huku kwetu, Burundi na Kongo, baadhi wakipitia makambi ya Tanzania, na leo wanaishi Ohio, Kentucky, Texas na kwingineko. Watoto wao wanasoma na wenzao waliokwisha kwenda kwenye bustani za Disney, na shule zikifunguliwa ni hadithi hizo hizo darasani. Basi baba anaomba zamu za ziada ghalani, mama anadunduliza, na siku ya siku inafika.

Hatuandiki hapa kuuliza kama bustani za burudani zinafaa au hazifai. Hilo limesemwa sana, na anayetaka atamwuliza shekhe wake. Tunaandika juu ya jambo lisilosemwa: namna familia inayokwenda kwa mara ya kwanza inavyoiharibu safari ingali nyumbani, na namna sisi tuliobaki huku tunavyoisaidia kuiharibu.

Tuanze na kosa letu wenyewe, asije mtu akasema tunawanyooshea wengine vidole. Mpwa wetu anaishi Columbus, Ohio. Ana watoto wanne, mkubwa miaka kumi na mmoja, mdogo mitatu. Alipotuambia amepata ruhusa kazini na kwamba wataendesha gari kiasi cha kilomita 1,500 mpaka Orlando, wakae huko siku nne, tulifurahi mno, tukaanza kumtumia ujumbe. Tulikuwa tumeona picha za ile ngome ya Magic Kingdom na fataki zikipasuka juu yake. Tukamwambia: msirudi bila kuona fataki. Shangazi yake akataka picha ya watoto wote wanne mbele ya ngome, wamevaa nguo za Idi. Mwingine akapiga hesabu: bustani ziko nne, siku ziko nne, basi kila siku bustani moja. Hesabu nzuri kwenye karatasi! Katika sisi sote hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga huko.

Walirudi wamenuniana. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameahidiwa na kaka yake, kwa miezi miwili, kwamba watapanda pamoja vigari vya Space Mountain, vile vinavyokwenda mbio gizani. Pale mlangoni kuna kipimo cha sentimita 112. Mtoto alikuwa na 108. Alilia mpaka jioni. Yule wa miaka mitatu alilala fofofo begani kwa baba yake wakati wa fataki, na aliyekuwa macho aliziba masikio akitaka kuondoka. Mama yao alituambia baadaye kwamba kwa siku nne hakukaa chini kwa raha hata mara moja. Picha ya shangazi ilipatikana, baada ya kusimama juani muda mrefu kuwapanga watoto. Mmoja macho yamevimba kwa kilio. Picha hiyo imetundikwa ukutani kwetu, na kila mgeni anaisifu.

Sasa hebu tujiulize, ni nani aliyeipanga safari ile? Si mpwa wetu, na wala si watoto. Tuliipanga sisi, kwa picha za watu wengine, yeye akaibeba kama mtu anayebeba mzigo wa sokoni usio wake.

Ndugu wazazi, mgeni wa mara ya kwanza hana kumbukumbu ya mahali anapokwenda, ana picha tu. Na picha haina foleni, haina jua, haina mtoto anayetaka kwenda chooni. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ikiwa na bustani moja, Magic Kingdom. EPCOT ikafuata mwaka 1982, Hollywood Studios mwaka 1989, Animal Kingdom mwaka 1998, ukiacha bustani mbili za maji na mahoteli yasiyohesabika kwa haraka, yote katika ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 100. Mahali pa namna hii hapamalizwi! Anayekwenda ili amalize amekwisha shindwa kabla hajafunga mizigo. Na ukiingia saa tatu asubuhi ukasubiri fataki za kiangazi, ambazo huweza kuanza saa tatu au saa nne usiku, umemweka mtoto mdogo kwa miguu saa kumi na mbili au kumi na tatu. Madrasa tunawaweka saa mbili tu, na wazazi wanatulalamikia kwamba wamechoka.

Wapo watakaoruka hapa na kusema: basi tatizo ni kupanga kwingi, nendeni tu, mambo yatajipa mkifika. Maneno haya tunayasikia kwa watu wazima wenye akili zao, na wengine huyavisha kanzu ya tawakkul. La hasha! Kila mtoto wa darasa la kwanza tumemfundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza. Kipimo cha urefu kimeandikwa wazi, unaweza kumpima mtoto kwenye fremu ya mlango wa nyumbani kwa kalamu na futi. Bei ya tiketi tangu mwaka 2018 inategemea siku unayochagua. Ya siku moja Magic Kingdom ilifika dola 199 kwa siku za kilele mwaka 2025, na mtoto wa miaka kumi anahesabiwa mtu mzima. Hadi wa miaka tisa anapunguziwa dola chache tu, wa chini ya miaka mitatu haingii katika hesabu. Kuna utaratibu usiolipiwa wa wazazi kupokezana, mmoja anapanda na mwingine anabaki na mtoto mdogo, kisha wa pili anapanda bila kuianza foleni upya, lakini ni lazima uuombe kwa mhudumu mlangoni. Anayesema "mambo yatajipa" atayajua haya siku anayorudi.

Lakini hatuwaachi na wale wa upande wa pili, nao siku hizi ndio wengi. Hawa hutengeneza jedwali la siku nzima kwa robo saa, baba anatembea ameinamia simu kama karani wa forodha, mtoto akisimama kumwangalia bata majini anavutwa mkono kwa sababu wamechelewa kwa dakika sita. Huu nao si mpango. Ni hofu iliyochorewa mistari.

Na hofu yenyewe inajulikana na inauzwa. Mwaka 1999 Disney walianzisha tiketi za kuepuka foleni ndefu, na zilikuwa bure kwa kila aliyeingia. Zilisimamishwa bustani zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020. Mwaka 2021 zilirudi kwa jina jingine na kwa malipo, na mwaka 2024 zikapewa jina la Lightning Lane Multi Pass, ukichagua michezo yako siku tatu kabla, au siku saba kama umelala kwenye hoteli zao. Mwishoni mwa mwaka huo ikaja ya juu zaidi: kwa Magic Kingdom ilianza kwa dola 329 hadi 449, kwa mtu mmoja, kwa siku moja, tiketi ya mlangoni mbali. Hakuna aliyelazimishwa kununua, hilo tunakubali. Lakini ni nani atakayeona vigumu zaidi kuacha? Aliyekwenda mara nyingi atasema, nitapanda mwakani. Mgeni anasema, sitarudi tena, watoto watanilaumu. Neno "mara moja tu maishani" ndilo linalomfilisi maskini. Akilitoa neno hilo kichwani kabla ya kuondoka, ameokoa fedha kuliko punguzo lolote atakalolitafuta kwenye mtandao.

Wala asidhani mtu kwamba kukosea hivi ni ushamba wa watu wa kwetu. Kampuni yenyewe ilipokuwa mgeni Ulaya ilikosea vivyo hivyo. Ilipofungua bustani yake karibu na Paris tarehe 12 Aprili 1992, ilikuja na picha yake ya Mzungu wa Ulaya kichwani: kwamba hana haja kubwa ya kifungua kinywa, na kwamba atalala hotelini usiku kadhaa. Watu wakaja wakitaka kifungua kinywa cha kukaa mezani, mikahawa ikazidiwa, na wengi wakatembelea mchana wakarudi makwao, vyumba vikabaki. Madeni yakaielemea, na mwaka 1994 hata jina la Euro Disney likaachwa. Matajiri wenye wataalamu wa kila aina walipanga kwa picha wakaumia. Sisi je?

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wangelijua wangeikata ratiba yao nusu. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliotumbukiza mkono katika maji ya baridi kali. Mara moja waliutoa baada ya sekunde 60. Mara nyingine walikaa sekunde 60 zile zile, kisha wakaongezewa 30 ambazo maji yalipashwa joto kidogo. Walipoulizwa ni zamu gani wangeirudia, wengi walichagua ile ndefu, yenye maumivu mengi zaidi, kwa sababu iliishia vizuri kidogo. Moyo haujumlishi dakika. Unashika kilele na mwisho. Sasa angalia mwisho wa siku tunaowapangia watoto: usiku, umati unaelekea mlangoni kwa pamoja, kigari cha mtoto kinasukumwa huku na huku, baba anafoka. Umelipa mamia ya dola kununua mwisho huo.

Ajabu ni kwamba mpwa wetu alipowauliza watoto wiki moja baadaye walipenda nini, hakuna aliyetaja ngome. Watatu walitaja bwawa la kuogelea la hoteli yao ya bei nafuu kando ya barabara kuu. Yule aliyelilia kipimo alitaja ukuta. Katika Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, waliokichora waliuangalia mji wa Lamu, na humo unapanda gari la wazi la "Kilimanjaro Safaris" kuwaona twiga na tembo. Kuta na vibao vimeandikwa Kiswahili. Mtoto huyu, ambaye nyumbani Ohio anaona haya kujibu kwa Kiswahili mbele ya rafiki zake, alisimama akawasomea wageni wasiomjua, neno kwa neno, nao wakampigia makofi. (Sisi wengine tunaweza kucheka mtu avuke bahari ya Atlantiki kwenda kuiona Lamu ya saruji. Yeye hajawahi kuiona Lamu yoyote.) Dakika zile kumi hazikuwa katika orodha yetu, na baba alikuwa akimharakisha.

Kwa hiyo tunasema wazi, na atakayechukia achukie: orodha ya safari ianzie kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote, si kwa macho ya shangazi aliyeko Buyenzi. Mwulize kila mtoto jambo moja, si matano, kisha hakikisha urefu wake unaruhusu. Fikeni mlangoni kabla haujafunguliwa, kwani saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi. Chakula cha kwenu kinaruhusiwa kuingia, maadamu si chupa za kioo wala vileo, na maji ya barafu kwa kikombe hutolewa bure kwenye vibanda vya vyakula vinavyouza vinywaji vya mashine. Mwenye wasiwasi na nyama ya huko ameshapata jibu lake. Katika kiangazi cha Florida adhuhuri huingia karibu saa saba na nusu, saa ambazo jua ni kali, watu wamejaa, na mvua za radi za alasiri ziko njiani kuifunga michezo ya nje. Tokeni! Rudini hotelini mswali, mle, watoto waogelee na kulala. Jioni mkipenda mtarudi, msipopenda msirudi. Na kati ya siku nne, mbili zinawatosha watu wenye watoto wadogo.

Watakuja kusema, mtu amesafiri kilomita 1,500 halafu alale mchana? Ndiyo, alale. Amefanya kazi usiku mwaka mzima, na watoto wake hawajamwona akiwa amelala usingizi wa kushiba tangu Ramadhani.

Nasi tuliobaki huku tuna kazi yetu, nayo ni kunyamaza. Tusiagize picha. Tusimwambie mtu "msirudi bila" lolote. Wanaporudi tusiulize wameona nini, kwa sauti ile ya mkaguzi.

Mpwa wetu ametuandikia kwamba wanakwenda tena, siku mbili. Mtoto yule sasa ana sentimita 114, wamempima mara tatu mlangoni kwa mama yake. Shangazi ameanza kuuliza kuhusu nguo. Tumemwomba mpwa wetu azime simu hadi atakaporudi Columbus.