Barua ya Wazi kwa KICD: Tupeni Sayansi Yenye Visa vya Kwetu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Ninafundisha Sayansi Jumuishi katika sekondari msingi hapa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Nakuandikia kuhusu masomo ya kidijitali mnayotuandalia. Picha zake ni nzuri na maelezo ni sahihi. Kinachokosekana ni watu: hakuna kisa, hakuna sauti, hakuna mahali ambapo mwanafunzi wangu anapajua.

Chukua mfano wa madini ya risasi. Kitabuni mwanafunzi anasoma kwamba ni metali nzito, laini, yenye sumu, alama yake Pb. Anakariri, mtihani ukipita anasahau. Ilhali hapa hapa Mombasa, upande wa Mikindani, kuna mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipakana ukuta kwa ukuta na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe mchanga kuugua na kupatikana na risasi mwilini.

Ninapokisimulia kisa hicho, maswali huanza yenyewe. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mbona watoto ndio waliozidi kuumia?" Ikabidi tuingie ndani ya mwili. Mtoto hufyonza risasi kwa wingi kuliko mtu mzima. Mwili huichukulia kama kalsiamu na kuiweka mifupani, na mama anapokuwa mjamzito au ananyonyesha, sehemu yake hurudi kwenye damu na kumfikia mwana. Mwingine akataka kujua sumu ilivukaje ukuta. Tukaifuata njia yake: moshi, vumbi, maji machafu. Siku hiyo tulisoma kemia, biolojia na mazingira kwa pamoja, na hakuna aliyesinzia.

Najua wapo wanaohofia kwamba hadithi huipunguzia sayansi uzito. Owino Uhuru inatuonyesha kinyume chake. Wakazi walikuwa na kisa chao tangu mwanzo: watoto wanaugua, mimba zinaharibika. Kisa hicho kilipata nguvu kilipoungana na vipimo vya damu na vya udongo. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Mwanafunzi anayeufuata mkasa huu hujifunza jambo ambalo mchoro peke yake haumfundishi: kwamba mtu akiona kitu lazima akipime, na akishakipima lazima aweze kukieleza watu wakamwelewa.

Changamwe nako kuna kisa kinachokaribia kupotea. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi pale kuanzia mwaka 1963 hadi 2013. Vitabu vyetu vina mchoro wa mnara wa kiwanda kama hicho: mafuta ghafi yanapashwa moto, yanayochemka upesi yanapanda juu na kuwa gesi na petroli, mafuta ya taa na dizeli yanatoka katikati, lami inabaki chini. Wazee walioifanya kazi hiyo bado tunaishi nao. Wanaoweza kumweleza mtoto jinsi joto la mnara linavyochungwa usiku kucha ni wao, na umri unasonga.

Mheshimiwa, uhaba wa vifaa usiwe kisingizio. Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi mwaka 2016 ililenga darasa la kwanza, na sisi wa sekondari msingi wengi wetu tunategemea simu ya mwalimu na spika ndogo. Hata hivyo inawezekana: Mwalimu Peter Tabichi aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, shule yake kule Njoro ilikuwa na kompyuta moja tu.

Kwa hivyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, rekodini visa vya sayansi kutoka kila kaunti, kwa Kiswahili na kwa sauti za wenyewe waliohusika, na kila kisa kiandamane na vipimo vyake. Pili, viwe vifupi na vyepesi kupakua, mwalimu aweze kuvihifadhi kwenye simu na kuvicheza darasani bila intaneti. Tatu, katika tathmini za shuleni, mtoto apewe alama anapomhoji mkazi wa mtaani kwake, akapima alichosimuliwa, kisha akasimama na kukieleza darasa.

Tumeni watu wenu waje na vinasa sauti muhula huu. Milango ya wazee wa Changamwe tunaijua, na sisi walimu tutawapeleka.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Sayansi, Likoni, Mombasa.