Eti Saa ni Saa!

Juzi kijiweni mshikaji wetu mmoja, mwandishi kama sisi, alitutolea hotuba. Alikuwa amesoma habari za saa ya mfukoni ya fundi Mwingereza, George Daniels, iliyouzwa kwenye mnada London mwaka 2019 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Akacheka mpaka chai ikampalia. "Saa ni saa, bwana! Simu yangu inajua majira kuliko hilo dubwana lao. Wajinga ndio waliwao!" Kijiwe kizima kikashangilia. Mimi nikanyamaza, si kwa kukosa jibu, ila nilijua nikianza, daladala ya mwisho itaniacha. Leo namjibu hapa.

Kwanza nimpe haki yake. Kama shida yako ni kujua ni saa mbili au saa tatu, fundi wa Uingereza humhitaji. Tangu siku ya Krismasi mwaka 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa saa ya mkono inayokwenda kwa betri na kijiwe cha kwatzi, ubishi wa usahihi ulikwisha. Saa ya elfu kumi ya Kariakoo inaishinda saa ya kamani ya bei yoyote ile.

Tena wapo wakusanyaji ambao sina hamu ya kuwatetea. Wananunua saa, wanaifungia benki, wanasubiri bei ipande. Hao wangekusanya hata vizibo vya soda kama vingekuwa na soko. Saa ya kamani isiyotiwa ufunguo ni chuma tu.

Lakini yupo mkusanyaji mwingine, na huyo ndiye mshikaji hakumwona. Huyu anataka kujua nani kafanya. Saa ya kampuni kubwa ina jina kubwa usoni, lakini uliza nani kalikata gurudumu hili, utajibiwa: kiwanda. Saa ya fundi mdogo ina mtu wa kuulizwa.

Mtazame Philippe Dufour, Mswisi aliyeweka karakana yake kijijini Le Solliat, kwenye jengo lililokuwa shule. Mwaka 2000 alitoa saa aliyoiita Simplicity. Haina mbwembwe: mshale wa saa, wa dakika, na kijishale cha sekunde pale chini. Katika miaka mingi alitengeneza kama 200 tu. Ukiifungua mgongoni ndipo unashika kichwa. Kingo za kila kipande zimechongwa mshazari, zikasuguliwa kwa vijiti vya mmea wa milimani mpaka zinang'aa kama maji. Na vile vipande ambavyo mwenye saa hatoviona maisha yake yote, ambavyo labda fundi mwingine ataviona miaka 50 baadaye akija kuisafisha, navyo vimesuguliwa vilevile. Kwa ajili ya nani?

Jibu nalijua kidogo, maana nimelelewa na fundi saa. Baba mdogo alikuwa na meza yake na kisanduku cha kioo pale Kariakoo. Kila saa aliyoitengeneza, kabla ya kufunga kifuniko, alichora alama yake na tarehe kwa ncha ya sindano upande wa ndani. Nilikuwa mtoto, nikamwuliza nani ataona. Akasema, "Ikiharibika tena, atakayeifungua atajua ni mimi." Basi, akaendelea na kazi. Baadaye simu za mkononi zikaja, watu wakaacha kuvaa saa, kisanduku kikageuka pa kuuzia vocha.

Sasa hapa ugomvi wangu na mshikaji unakuwa ugomvi na sisi sote tunaoandika humu.

Roger Smith, kijana wa Bolton, alitengeneza saa yake ya kwanza ya mfukoni peke yake, mwaka na nusu, akampelekea Daniels kule kisiwani Man. Mzee akaitazama, akamwambia inaonekana imetengenezwa kwa mkono. Sisi tungedhani ni sifa! Haikuwa sifa. Mzee alitaka saa ambayo jasho la fundi halionekani, kana kwamba ilizaliwa hivyo. Kijana akarudi kwao, akaanza moja. Ya pili ilimla zaidi ya miaka 5, vipande akivirudia tena na tena, ndipo mzee akaikubali.

Sisi je? Udogo tumeufanya kinga. Makosa ya chapa kila ukurasa: "Tuvumilieni, sisi wadogo." Hadithi ikikatika katikati kwa kuwa mwandishi kachoka: "Ndio mtindo." Mizani ikipungua ubeti wa tatu: "Tunavunja kanuni." Na mvunjaji mwenyewe hizo kanuni hata hazijui! Tunawatukana wachapishaji wakubwa kwamba hawataki ila vitabu vya shule. Ni kweli, mara nyingi hawataki. Daniels naye alivumbua njia mpya ya kuachia nguvu ya kamani kidogo kidogo bila vyuma kusuguana sana, ili saa isitegemee mno mafuta. Kampuni kubwa zikamzungusha zaidi ya miaka 20, mpaka Omega walipoitoa mwaka 1999. Miaka yote hiyo alikuwa mezani kwake akitengeneza saa, na zile za mkono wake peke yake hazikufika 40 hadi anafariki mwaka 2011.

Msomaji anayetoa nauli yake kununua kurasa zetu hanunui udogo wetu. Ananunua kwa kuwa chini ya kila hadithi kuna jina la mtu, na mtu huyo anapatikana.

Kwa hiyo, hadithi yangu iliyokuwa itoke toleo hili nimemwomba mhariri anirudishie. Kwenye ukurasa wa nne kuna mzee anakufa kwa sababu tu sikujua nimfanye nini. Mhariri hakugundua, pengine nanyi msingegundua. Nimemfufua, naandika upya. Mshikaji naye ana shairi lake ukurasa wa mwisho. Ahesabu mizani yake kwanza, halafu tukutane kijiweni tuzungumze habari za saa.