Langford hakutwaa taji, ila heshima alistahili

WANAOSHIKILIA kwamba bondia asiyewahi kuwa bingwa wa dunia hafai kuenziwa katika Ukumbi wa Heshima wa Ndondi mjini Canastota, Marekani, wanasahau mataji hayo yalivyokuwa yakipiganiwa.

Sam Langford, mzaliwa wa Canada, alishindwa na Jack Johnson kwa pointi mnamo 1906. Johnson alipotwaa ubingwa wa uzito wa juu 1908, alimnyima marudiano hadi alipovuliwa taji 1915. Naye Johnson alikuwa Mweusi vilevile! Mrithi wake, Mzungu Jess Willard, hakutetea taji dhidi ya Mweusi yeyote.

Ukumbi ulimwingiza Langford katika kundi la kwanza, 1990. Charley Burley, aliyekwepwa vivyo hivyo, akafuata 1992. Aliyepewa nafasi akashindwa, hiyo ni kesi nyingine.