Imani si stimu

Kijana mwenzangu, tuseme ukweli. Kuna Jumapili unaimba kwaya mpaka sauti inakauka. Wiki mbili baadaye Biblia unaiona kama kitabu cha mtu mwingine, unajifunika shuka na kujiambia: labda sijawahi kuamini. Hesabu hiyo naikataa. Kukosa stimu hakuthibitishi kwamba Mungu hayuko. Pengine hukulala tu, au kuna mtu amekuvunja moyo.

Fika Kibuyuni, kule karibu na Shimoni, uwatazame akina mama wa mwani. Hawaulizani kama leo kuna hamu. Wanaangalia mwezi. Bamvua likifika na maji yakitoka mbali, wanaingia kufunga mbegu kwenye kamba, jua liwake au mvua inyeshe. Mwani huchukua kama wiki sita kukomaa, na maji yakipata joto kupita kiasi hugeuka mweupe na kukatika. Bamvua lijalo wamo tena majini. Wengi wao ni Waislamu, na mwadhini wa kijijini naye haulizi alfajiri nani amechoka. Sisi Wakristo tuna la kujifunza hapo, hata kama kuna watakaonikunjia uso.

Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846 na kuondoka 1875. Miaka 29! Alifiwa na mkewe, akapofuka, na waliobatizwa walikuwa wachache mno. Vitabu vya shule vinamtaja kwa theluji ya Kilimanjaro aliyoiona 1848, ambayo wasomi wa Ulaya waliibeza. Kwangu mimi, kubwa ni kwamba alibaki. Naye Mama Teresa wa Kolkata, barua zake zilizochapishwa 2007 zinaonyesha aliishi na giza moyoni kwa miongo kadhaa, huku akiendelea kuwahudumia wagonjwa.

Lakini si kila shaka ni mudi. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kijana akianza kuuliza maswali baada ya hapo, msimwite kafiri. Yuko macho. Shaka kama hiyo usiizime kwa mapambio. Ipeleke kwa mchungaji anayekubali kuulizwa. Akikukaripia, tafuta mwingine.

Utazitofautishaje? Kula, lala, pitisha siku chache. Kama swali bado limekaa palepale, hilo ni swali, liandike na ulitafutie jibu. Kama limeyeyuka, ilikuwa ni uchovu.

Na huku ukitafuta, usihame ratiba. Kama ulikuwa ukisali saa tatu usiku, sali saa hiyo hiyo, dakika tano tu, hata sala ikiwa kavu kama ng'onda. Ukikosa maneno, mwambie Mungu kwamba leo huna maneno, kisha ulale.