MKULIMA NA KARATASI ZA SERIKALI

Ndugu wasomaji wa migodini na wa mjini, leo hatusemi juu ya mishahara. Tunasema juu ya kile ambacho mshahara hununua: unga wa muhogo, mchele wa Bonde la Ruzizi, mawese ya Fizi, maharagwe ya milimani. Mtu wa mgodi halimi. Yeye hula jasho la kaka yake aliyebaki kijijini, na huyo kaka yake siku hizi hasumbuliwi na jua na mvua peke yake. Anasumbuliwa na karatasi.

Sisi wenye kazi ya kalamu hatuwezi kuidharau karatasi, maana ndiyo inayotulisha. Mgodini siku isiyoandikwa katika daftari ni siku isiyolipwa, na kila mchimbaji anajua namna anavyosimama nyuma ya karani akinyosha shingo kuangalia kama jina lake limeandikwa. Karatasi njema humshuhudia mtu asiyekuwapo, na humlinda mdogo mbele ya mkubwa. Basi ugomvi wetu si na karatasi. Ugomvi wetu ni na ile karatasi ambayo mkulima hudaiwa kila anapopita, lakini njia ya kuipata haonyeshwi.

Tutazame biashara ya nje. Watu watano wa kijiji kimoja wanataka kuuza kahawa yao nje ya nchi kwa haki na kwa jina lao. Kwanza waandikwe katika daftari la biashara, lile liitwalo RCCM, kwa sheria za OHADA ambazo nchi yetu iliingia mwaka 2012. Tena wawe na namba ya utambulisho wa taifa. Tena namba ya kodi. Tena namba ya kuingiza na kutoa bidhaa, inayotoka katika wizara ya biashara ya nje kule Kinshasa, na Kinshasa iko mbali na Uvira zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege, kwa maana njia ya gari iliyo nzima haipo. Wakishapata hizo wanakwenda kwa ONAPAC, ofisi ya mazao ambayo zamani iliitwa Ofisi ya Taifa ya Kahawa, ili ipime kahawa na kutoa cheti. OCC nayo ipime. Watu wa karantini ya mimea nao watoe cheti cha kuonyesha kwamba mali haina ugonjwa. Benki ijaze hati ya modeli EB, ili fedha za kigeni zirudi nchini. Mwisho kabisa ni duane, yaani DGDA. Na kila dirisha lina malipo yake.

Hatusemi kwamba kila cheti katika hivi ni bure. Kahawa mbovu ikitoka kwa jina letu, jina letu linaoza pamoja nayo. Lakini hesabu, ewe msomaji, ni safari ngapi, ni siku ngapi za kulala mjini, ni siku ngapi shamba halikupaliliwa. Mwenye kampuni ana karani wa kusimama kwenye mistari hiyo. Mkulima mwenye magunia sita ana nani?

Matokeo yake yanajulikana na kila mtu wa Kivu. Kwa miaka mingi wakulima wa Idjwi na Kalehe walipakia kahawa usiku katika mitumbwi na kuvuka Ziwa Kivu kwenda Rwanda, kwa kuwa ng'ambo walilipwa papo hapo, bila kuulizwa namba ya Kinshasa. Wengi walizama. Wajane wao wapo hata leo. Na ile kahawa iliyofika salama ilihesabiwa kuwa ni kahawa ya nchi nyingine, na ushuru wake ukajenga kwingine. Serikali iliyotaka karatasi kumi haikupata hata moja, wala fedha haikupata.

Ninyi wa migodini mnaujua mfano ulio karibu zaidi. Gunia la kasiteriti hufungwa lebo ya namba, likaandikwa shimoni na ghalani, kwa sababu baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 wanunuzi walitaka kujua madini yametoka wapi. Kazi hiyo ina faida zake na taabu zake, tumekwisha kuizoea. Lakini dhahabu hupita katika mfuko wa suruali. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka kwa mwaka kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya mashariki hutoka kwa magendo. Basi tazama jambo hili la ajabu: kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote huvuka bila swali, na mama mwenye beseni la nyanya husimamishwa mara nne kabla ya kuona daraja.

Na hapo Kavimvira, ni nani mwenye haki ya kumsimamisha? Jambo hili tunataka kila msomaji alishike. Tarehe 28 Machi 2002 ilitoka amri ya Rais, namba 036/2002, yenye kutaja huduma za serikali zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani. Ni nne tu: duane, OCC, uhamiaji, na afya. Nne. Asiyekuwa katika hizo nne, hata kama ana kofia, hata kama ana meza na kitabu cha risiti, amri hiyo haimjui. Tangu mwaka huo imepita miaka zaidi ya ishirini, na wapitaji wa mipaka yetu hawajaacha kukutana na meza zaidi ya nne. Barabarani ni vile vile. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini pamoja, vya askari, vya makundi yenye silaha, na vya watu wa serikali. Bei ya muhogo unayoilipa sokoni, ndugu mchimbaji, ndani yake mna kamba hizo zote.

Wazee wetu wanaweza kusema kwamba mambo haya si mapya. Wanasema kweli. Kwa amri ya tarehe 5 Desemba 1933 Wabelgiji waliweka siku 60 kwa mwaka za kazi za lazima, na katika Bonde la Ruzizi maana yake ilikuwa pamba: utake usitake ulime, uuze mahali ulipoagizwa, kwa bei uliyopangiwa, na mwenye kukataa alikwenda gerezani. Mtu wa kijiji aliyetaka kutoka katika nchi ya mwami wake zaidi ya siku 30 alitakiwa kuwa na pasi ya kuhama. Baadaye, mwaka 1948, wakaleta kadi ya ustahili wa kiraia kwa wale waliosoma. Karatasi za siku zile zilikuwa kamba ya kumfunga mtu mahali alipo. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 wengi walidhani kamba hiyo imekatwa. Ilibadilishwa muhuri.

Sasa tuje kwenye mkopo, maana hapo ndipo mkulima anapoumizwa kimya kimya.

Mwezi wa kupanda mkulima hana fedha. Anahitaji mbegu, vibarua, dawa. Akienda benki anaulizwa dhamana, na dhamana inayopendwa ni cheti cha kuandikisha ardhi. Hana. Shamba alilachiwa na baba yake, na baba yake na babu yake, na kijiji chote ni shahidi. Lakini sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake. Na kwa mashamba ya kijadi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wenyeji zitapangwa kwa agizo la Rais. Miongo ikapita, marais wakapita, agizo hilo halikutoka. Ndivyo mamilioni ya watu walivyolima juu ya ahadi.

Kwa hiyo mkopo wa kilimo huenda kwa asiyelima. Mfanyabiashara mwenye nyumba ya hati mjini anakopa benki, kisha anakuja bondeni kununua mpunga ukiwa bado majani, kwa nusu ya bei. Siku ya kuvuna mwenye shamba anakuwa kibarua katika mavuno yake mwenyewe. Hatumwiti mfanyabiashara huyo mwizi. Amepita mlango uliokuwa wazi. Tunauliza ni nani aliyefunga mlango mwingine.

Serikali imejaribu, tusiseme uongo. Mwaka 1982 ilianzishwa Benki ya Mikopo ya Kilimo, ilikufa. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 iliweka Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Kilimo. Sheria ya mwaka 2002 juu ya vyama vya akiba na mikopo, COOPEC, iliwasaidia wengine, ingawa kuna wenye akiba waliolia chama kilipofilisika. Lakini kile kinachomfikia mama wa kijijini kwa kweli ni likelemba na mutuelle za mshikamano, zile MUSO, ambamo watu ishirini wanaojuana hutia franga katika kisanduku kimoja na daftari moja. Humo dhamana ni uso wa mtu. Fedha zake ni kidogo, hazinunui jembe la ng'ombe, lakini daftari lake husomwa mbele ya wote. Benki zingejifunza kulisoma daftari hilo. Mama aliyelipa kwa wakati miaka mitano katika MUSO ana ushahidi kuliko mwenye hati aliyoipata kwa rushwa.

Vita navyo vimetuonyesha jambo lingine. Februari 2025 M23 walipoingia Bukavu, benki zilifunga milango, na serikali ya jimbo ikahamia hapa Uvira; Desemba ya mwaka ule ule Uvira nayo ikaingiliwa. Mtu akajikuta upande mmoja wa mstari wa vita, na faili lake na akiba yake upande wa pili. Kama karatasi za mkulima zingekuwa na nakala katika ofisi ya mwami na katika ofisi ya teritware, asingebaki mikono mitupu.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania walitunga mwaka 2005 sheria ya stakabadhi za maghala. Mkulima anapeleka zao ghalani, linapimwa, anapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo anaweza kukopa wakati akingoja bei nzuri. Wakulima wa korosho wamelalamika mara nyingi juu ya malipo yanayochelewa, na wana haki kulalamika. Lakini angalia mahali karatasi inapoanzia: inaanzia kwenye gunia lililopo, mbele ya mwenye gunia, siku ile ile. Tena katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Congo ilitia sahihi kuingia tarehe 8 Aprili 2022, kuna cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa shehena isiyozidi dola 2,000, kinachotolewa mpakani penyewe. Wamama wa Kavimvira na wa Kamanyola wanastahili kukijua na kukidai.

Na kazi inaongezeka. Mwaka 2023 Ulaya ilipitisha sheria ya kutaka kila gunia la kahawa, kakao na mawese lionyeshe shamba lilikotoka, na kwamba msitu haukukatwa baada ya mwaka 2020. Siku ya kuanza imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haikufutwa. Mkulima asiye na hati ya shamba atachoraje shamba hilo kwenye ramani ya Ulaya?

Tunachodai si kikubwa. Namba zote za Kinshasa zitolewe Uvira, katika dirisha moja. Orodha ya malipo ibandikwe ukutani Kavimvira na bandarini Kalundu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na zile huduma nne za amri ya 2002. Na ninyi wasomaji, mkilipa, ombeni risiti, msome jina la huduma lililo juu yake, muitunze. Makarani wenzetu wa migodi, mwende nyumbani siku za mapumziko na kalamu. Kijiji kinachotaka kuandikisha chama cha ushirika kinahitaji mtu wa kuandika kanuni zake na kujaza fomu bila kudai mbuzi. Fomu zikikwama, tuleteeni nakala, pamoja na tarehe mliyoziingiza, na jina la dirisha mlilopeleka.